Kujifunza Lugha ya Wamaya Chuo Kikuu: Mwongozo Kamili kwa Mzungumzaji wa Kiswahili

Ukimwandikia mhadhiri wa Austin, Marekani, au Bonn, Ujerumani, kwamba unataka kusoma "Kimaya", jibu lake la kwanza litakuwa swali: kipi? Lugha za Wamaya, wenyeji wa asili wa Meksiko na Amerika ya Kati, ni takriban 30. Zinazungumzwa kusini mwa Meksiko, Guatemala, Belize na pembe ya Honduras, na Guatemala peke yake inazitambua 22 kwa sheria ya mwaka 2003. Mtu wa K'iche' akikutana na mtu wa Yucatec, kila mmoja akasema lugha yake, hawataelewana, watahamia Kihispania.

Mwongozo huu ni wa mzungumzaji wa Kiswahili anayetaka kuifikia mojawapo ya lugha hizo kupitia chuo kikuu, awe yuko Dar es Salaam, Mombasa, au tayari anasoma Marekani au Ulaya. Mifano yangu mingi ni ya K'iche', kwa sababu ni miongoni mwa zenye wasemaji wengi zaidi Guatemala na ina vifaa vya kujifunzia vya kutosha.

Hatua ya 1: Chagua lugha kwanza, chuo baadaye

Watu wengi huanza na chuo, kisha hupokea lugha yoyote inayofundishwa hapo. Ningeshauri ugeuze mpangilio. Jiulize lugha hiyo unaitakia nini.

K'iche' ina wasemaji karibu milioni moja katika nyanda za juu za Guatemala: Totonicapán, Quiché, Sololá, Quetzaltenango. Inamfaa anayependa fasihi na nyaraka za kale, maana ndiyo lugha ya Popol Wuj, masimulizi ya uumbaji na nasaba za watawala yaliyoandikwa kwa herufi za Kilatini katikati ya karne ya 16. Nakala ya zamani zaidi tuliyo nayo iliandikwa na padri Francisco Ximénez huko Chichicastenango mwanzoni mwa karne ya 18, na leo imehifadhiwa katika maktaba ya Newberry, Chicago. Kaqchikel ni jirani yake wa karibu, inazungumzwa kuelekea Antigua na Jiji la Guatemala, na ina utamaduni mrefu wa kufundishwa wageni. Yucatec, ambayo wenyewe huiita maaya t'aan, ilikuwa na wasemaji zaidi ya 770,000 katika sensa ya Meksiko ya 2020. Uzuri wake ni kwamba tofauti za lahaja ni ndogo katika rasi nzima ya Yucatán, na kusafiri huko ni rahisi. Mam na Q'anjob'al zinamfaa anayefikiria kazi ya ukalimani au afya Marekani, kwa kuwa wahamiaji wengi kutoka Guatemala huzungumza lugha hizo. Mji wa Oakland, California, una jamii kubwa ya Wamam.

Ikiwa kilichokuvuta ni yale maandishi ya picha yaliyochongwa kwenye mawe ya miji ya kale ya Wamaya kama Tikal na Palenque, fahamu kwamba hilo ni somo jingine. Lugha ya maandishi yale ni ya tawi la Ch'olan, la zama zilizoanza karibu mwaka 250 na kuisha karibu 900. Utahitaji idara ya akiolojia au ya masomo ya Amerika ya kale, kama ile ya Chuo Kikuu cha Bonn, ambayo tangu 2014 inaandaa kamusi ya kidijitali ya lugha hiyo. Hata huko, kujua lugha moja iliyo hai kutakusaidia.

Hatua ya 2: Kihispania hakikwepeki

Hapa ndipo wasomaji wa Afrika Mashariki hukata tamaa, na ni afadhali tuseme wazi. Kamusi, sarufi na vitabu vya shule vya lugha za Wamaya viko kwa Kihispania kwa sehemu kubwa. Walimu wako watakuwa Wamaya wanaojua lugha mbili: yao na Kihispania. Ukikwama katikati ya sentensi, watakuokoa kwa Kihispania.

Huhitaji ufasaha. Kiwango kinachotosha ni kusoma makala ya gazeti kwa msaada wa kamusi na kumuuliza mwalimu "hii inatumika lini?" ukaelewa jibu lake. Kwa mtu anayesoma kila siku, miezi minane hadi kumi na miwili inatosha. Usisubiri Kihispania kikamilike ndipo uanze lugha ya Wamaya. Mwanzo wa mwaka wa pili unaweza kuzisoma pamoja.

Hatua ya 3: Tafuta chuo kulingana na njia yako

Njia ziko tatu.

Ya kwanza ni kusoma lugha ndani ya shahada, kwa kawaida ya isimu, anthropolojia au masomo ya Amerika ya Kilatini. Chuo Kikuu cha Texas huko Austin kina historia ndefu katika isimu ya lugha hizi, na kimeweka kwenye intaneti kozi ya K'iche' ya bure yenye video za wasemaji wenyewe. Hata usipodahiliwa popote, anza na kozi hiyo. Bonn nimeshaitaja. Paris kuna INALCO, taasisi ileile inayofundisha Kiswahili, ambayo ina masomo ya Yucatec pia. Mswahili aliyeko Ufaransa atajikuta korido moja na wanafunzi wanaohangaika na ngeli zetu.

Ya pili ni kozi ya kiangazi. Chuo Kikuu cha Tulane cha New Orleans kimekuwa kikiendesha kozi ya Kaqchikel nchini Guatemala tangu miaka ya 1980, walimu wakiwa Wakaqchikel wenyewe. Vyuo vya North Carolina na Duke viliungana kuendesha kozi ya Yucatec inayomalizikia Yucatán. Kozi hizi ni wiki chache za kusoma asubuhi hadi jioni, na mtu hutoka na msingi ambao darasa la saa tatu kwa wiki lingeuchukulia mwaka. Ratiba hubadilika, hivyo andikia ofisi husika mwezi wa Septemba au Oktoba kwa kozi ya Juni inayofuata.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda zaidi, na ndiyo wanayoisahau wengi: kwenda kusoma kwenye vyuo vya hukohuko. Universidad de Oriente, mjini Valladolid, Yucatán, ina shahada ya isimu na utamaduni wa Kimaya. Universidad Intercultural Maya de Quintana Roo iko José María Morelos, katikati ya vijiji vinavyozungumza lugha hiyo. Guatemala kuna Universidad Rafael Landívar na Universidad de San Carlos. Katika vyuo hivi wanafunzi wenzako ndio wasemaji, na mijadala ya darasani si kuhusu Wamaya bali ni ya Wamaya wenyewe, wakibishana juu ya tahajia, shule za lugha mbili na ardhi.

Ukitafuta vitabu maktabani, tumia tahajia mbili. Alfabeti ya pamoja ya lugha za Wamaya wa Guatemala ilipitishwa na serikali mwaka 1987, na Akademia ya lugha hizo ilianzishwa kwa sheria mwaka 1990. Kabla ya hapo kila mmisionari na mtaalamu aliandika alivyoona: Quiché, Cakchiquel, Kekchí. Ukiandika "K'iche'" tu kwenye kompyuta ya maktaba, nusu ya rafu haitatokea.

Hatua ya 4: Fedha na makaratasi

Kwa miaka mingi, wanafunzi wengi wa Marekani walilipiwa kozi hizi na ruzuku ya serikali yao iitwayo FLAS, ambayo pia imewalipia wengi kujifunza Kiswahili. Ni ya raia na wakazi wa kudumu wa Marekani tu, na fungu lake hutegemea bajeti ya serikali iliyopo, hivyo uliza kwanza kama bado inatolewa. Mswahili mwenye kadi ya kijani anastahili. Mwenye visa ya mwanafunzi hastahili. Huyu wa pili aombe fedha za idara yake, au za kituo cha masomo ya Amerika ya Kilatini, na aeleze utafiti wake badala ya kusema tu anapenda lugha. Anayetoka moja kwa moja Afrika Mashariki aangalie ufadhili wa uzamili wa Ujerumani na Ufaransa, ambako ada za vyuo vya umma ni nafuu kuliko Marekani.

Kuhusu safari: ndege nyingi za kwenda Guatemala hupitia Marekani, na mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda huhitaji visa ya Marekani hata kama anabadilisha ndege tu. Tafuta njia ya kupitia Ulaya na Panama au Kolombia, kisha uulize masharti ya kila nchi utakayotua. Visa ya Guatemala yenyewe ianze kufuatiliwa miezi minne kabla. Beba cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Na beba sweta nzito: Quetzaltenango iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai ni msimu wa mvua. Anayedhani nchi ya tropiki ni joto kila mahali akamuulize mtu wa Njombe.

Hatua ya 5: Sauti, kabla ya darasa la kwanza

Hapa Mswahili ana mtaji ambao Mwingereza hana.

Alama ya mkato juu unaijua kutoka "ng'ombe": ukiiondoa, sauti inabadilika. Katika K'iche' ndivyo ilivyo kwa maneno mengi. Kaq ni nyekundu, k'ak' ni mpya, q'aq' ni moto. Herufi b' hutamkwa kwa kuvuta hewa ndani kidogo, kama mtu wa Pwani anavyosema "baba". Herufi x ni "sh" yetu. Herufi j ni "kh" ya "kheri" inapotamkwa kwa Kiarabu. Herufi q hutamkwa nyuma kabisa ya mdomo. Aliyesoma madrasa akajifunza qaf ameshaimaliza.

Kigumu kinabaki kundi la k', q', t', ch' na tz'. Jaribu hivi. Bana pumzi kabisa, kama mtu anayenyanyua gunia. Ukiwa umebana, sema "k" bila kuachia pumzi. Ule mlio mkavu wa kukatika ndio k'. Ukiuweza, rudi nyuma kooni utapata q', kisha sogea mbele kwenye meno utapata t'. Fanya hivyo huku ukisikiliza rekodi. Hifadhi ya lugha asilia za Amerika ya Kilatini ya Chuo Kikuu cha Texas, iitwayo AILLA, ina rekodi nyingi za lugha za Wamaya, na nyingi hufunguka kwa kujisajili bure. Chagua msimulizi mmoja, sikiliza dakika zilezile mbili kila siku kwa wiki nzima, na urudie kwa sauti.

Atakayesoma Yucatec ana kazi nyingine. Hakuna q, lakini irabu zina urefu na toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadilisha maana, na hilo halimo katika Kiswahili sanifu. Waganda, Wanyarwanda na Wakongo wanaozungumza lugha zenye toni nyumbani wataona wepesi.

Hatua ya 6: Kitenzi

Kitenzi cha K'iche' hubeba sentensi nzima, kama chetu. Sisi tunasema "ninakuona": nafsi ya mtenda, wakati, nafsi ya mtendwa, mzizi. Wao husema katinwilo. Ifungue: k- ni wakati usiotimia, -at- ni wewe, -inw- ni mimi, -il- ni ona, na -o ni kimalizio. Mtendwa hutangulia, mtenda hufuata. "Nilikuona" ni xatinwilo. K- imeipisha x-.

Sasa angalia vitenzi visivyo na mtendwa. "Unalala" ni katwarik: k-, -at-, mzizi war, kimalizio -ik. Ile -at- ya anayelala ndiyo ileile ya anayeonwa katika katinwilo. Lakini ukiwa wewe ndiye unayemwona mtu, yaani "unamwona", unasema kawilo, na alama yako inageuka kuwa -aw-. Kwa hiyo K'iche' inamweka anayelala kundi moja na anayeonwa, na anayeona inampa kundi lake. Wanaisimu huliita jambo hili ergatifu. Kiswahili hakina kitu hicho: kwetu "u-" ya "unalala" ndiyo "u-" ya "unamwona".

Usijaribu kulielewa kwa nadharia kwanza. Chora jedwali la safu mbili za viambishi, ulibandike ukutani, kisha tunga jozi kila siku: ninalala na unaniona, unalala na ninakuona. Kinwarik, kinawilo, katwarik, katinwilo. Baada ya wiki mbili mdomo utakuwa umezoea, na maelezo ya mhadhiri yataingia bila shida.

Habari njema ni kwamba safu ya pili, ile ya anayeona, utaitumia pia kwenye umiliki, ila mbele ya konsonanti -inw- huwa nu- na -aw- huwa a-. Tz'i' ni mbwa: nutz'i' mbwa wangu, atz'i' mbwa wako, utz'i' mbwa wake, qatz'i' mbwa wetu. Jifunze viambishi hivi mara moja, uvitumie mahali pawili.

Lahaja hutofautiana. Nahualá na Totonicapán hawasemi sawasawa, na mwalimu wako atakusahihisha kile kitabu kilichoandika kwingine. Mfuate mwalimu, kitabu kiandikie pembeni.

Hatua ya 7: Nyumbani kwa watu

Kozi nzuri hukuweka kwa familia. Ukiweza kuchagua, omba nyumba yenye bibi au babu. Vijana wa mjini watakujibu kwa Kihispania kwa ukarimu tu, na utarudi bila lugha.

Adabu ya salamu haitakusumbua. Mwanamume mtu mzima unamwita tat, mwanamke nan: "Saqarik, tat" asubuhi, "Saqarik, nan". Kama ambavyo hutamwamkia bibi wa Tanga kwa "mambo", K'iche' pia ina njia ya heshima. Kwa rika lako utauliza "Jas ab'i'?", jina lako nani. Kwa mkubwa utasema "Jas b'i' la?" na lile neno "la" linaendelea kujitokeza kila unapomtaja yeye. Ukikosea kwa kutumia heshima kwa mtoto, watacheka. Ukikosea upande wa pili, watanyamaza, na kunyamaza kwao ndiko kubaya zaidi. Mezani, ukimaliza kula unawashukuru wote waliopo, maltyox, na si mpishi peke yake.

Utamaduni usiusome kama kipindi cha Ijumaa kilichotengwa. Upo sokoni Chichicastenango siku ya Alhamisi na Jumapili, na upo jikoni ambako mahindi huchemshwa na chokaa kabla ya kusagwa. Ukimwomba mama mwenye nyumba akuonyeshe mtambo wa kufuma, ule unaofungwa upande mmoja kwenye nguzo na mwingine kiunoni, utajifunza vitenzi vya kukaa, kuvuta na kukaza ambavyo hakuna kitabu kitakupa kwa mpangilio huo. Lugha za Wamaya zina mamia ya mizizi ya kueleza jinsi kitu kilivyokaa: t'uyulik ameketi, tak'alik amesimama, kotz'olik amelala chali au kando. Hizo hujifunzwa kwa macho.

Kalenda ya siku 260 bado inatumika. Ina majina 20 ya siku na namba 1 hadi 13, na vyote viwili husonga pamoja: baada ya 8 B'atz' inakuja 9 E, kisha 10 Aj. Mtaalamu wake huitwa ajq'ij. Siku ya 8 B'atz' ni kubwa, hasa Momostenango, na mgeni akialikwa huenda. Asiyealikwa asichungulie kwa kamera. Ukihudhuria, uliza kabla ya kurekodi, na uulize tena kabla ya kukipeleka chochote chuoni, hata kama fomu ya maadili ya chuo imeshasainiwa.

Kuna jambo moja usiliulize wewe. Vita vya Guatemala vilianza 1960 na kumalizika kwa mkataba wa 1996. Tume ya ukweli ilikadiria waliouawa na waliopotea kuwa zaidi ya 200,000, na kati ya wahanga waliotambuliwa, asilimia 83 walikuwa Wamaya. Katika nyumba utakayokaa yawezekana kuna aliyepotelewa na ndugu asiye na kaburi. Soma historia hiyo kabla ya kwenda, ili wakianza kuizungumza wao, usiwe wa kuelezwa kila kitu toka mwanzo.

Hatua ya 8: Ukirudi

Lugha hii hutaisikia mtaani Kariakoo. Panga na mwalimu wako, kabla hujaondoka, saa moja ya mazungumzo kwa simu kila wiki, na umlipe. Wapo walimu wengi wa Guatemala wanaofundisha hivyo, na malipo unayoyakubali yawe yale anayoyataka yeye, si yale uliyoyasikia kwa wanafunzi wengine. Mtumie sauti za WhatsApp badala ya maandishi. Uandishi utajifunza taratibu, masikio ndiyo hupotea upesi.

Ukiwa Marekani, kuna kazi. Mahakama za uhamiaji na hospitali hutafuta wakalimani wa Mam, K'iche' na Q'anjob'al, na mara nyingi kesi hupitia watu wawili: mmoja kutoka lugha ya Kimaya hadi Kihispania, mwingine kutoka Kihispania hadi Kiingereza. Kwa Mswahili aliyesoma miaka mitatu, nafasi halisi ni ile ya pili. Kiti cha kwanza mwachie msemaji wa kuzaliwa. Wewe ukiijua lugha yake kiasi, utasikia pale Kihispania kilipopunguza kitu, na utaweza kuomba sentensi irudiwe kabla hakimu hajaandika.